Jengo la Mjerumani lisilo la Mjerumani: Ernst May na fujo ya neno "kisasa"

Binamu yangu alihamia nyumba yake ya Goba mwezi wa tatu, masika yakiwa ndiyo yanaanza. Nyumba ya kisasa, kila mtu alisema. Kuta nyeupe zilizonyooka, madirisha makubwa ya aluminiamu, na lile paa la kuficha ambalo siku hizi halikosekani kwenye ramani za kununua WhatsApp. Wiki ya pili maji yakashuka kwenye jipsamu ya sebuleni. Fundi akaitwa, akapanda juu, akachungulia nyuma ya ukuta, akasema gata imejaa majani. Akaondoka na elfu hamsini yake. Wiki ya tatu maji yakarudi.

Tulikuwa tunapanga ndoo pale sebuleni shemeji aliposema, "Hizi nyumba za kizungu hazifai huku kwetu." Binamu hakukubali. "Mbona majengo ya Mjerumani yamesimama mpaka leo? Nenda Moshi ukaangalie lile ghorofa la KNCU."

Ubishi ulikwenda hadi usiku, na mimi nilirudi nyumbani nikiwaza kwamba wote wawili walikuwa wamekosea. "Kisasa", "kizungu" na "Mjerumani" ni maneno matatu tunayoyatupa kwenye kapu moja, na ghorofa lile la Moshi, jengo la ushirika wa wakulima wa kahawa, lina uwezo wa kuyatenganisha. Msanifu majengo aliyelichora anaitwa Ernst May. Alikuwa Mjerumani kweli. Lakini jengo lake si "la Mjerumani" kwa maana aliyokuwa nayo binamu.

Tuanze na neno lenyewe. Mtaani, "kisasa" ni kitu chochote kipya kinachovutia: simu, mtindo wa nywele, tailizi. Wasanifu majengo wanapozungumzia usasa wana kitu kingine kichwani, tena kitu cha zamani. Ni mwelekeo wa ujenzi ulioshika nguvu Ulaya baada ya Vita Kuu ya Kwanza, miaka ya 1920. Maana yake, nyumba za kwanza za usasa zina umri wa takriban miaka 100. Bibi yako angeweza kuzaliwa ndani ya mojawapo.

Ukitaka kuelewa walichokuwa wanakitafuta, mfikirie fundi cherehani. Mteja mmoja akija na kitambaa chake, fundi anampima, anamshonea suti, anatia urembo. Sasa shule yenye watoto elfu tano ikileta oda ya sare, hawezi kumpima kila mtoto. Atakata saizi chache, atazishona kwa mkupuo, na vifungo vitakuwa vya aina moja. Sare ikikatwa vizuri, mtoto atapendeza na mzazi hatafilisika. Ikikatwa vibaya, watoto elfu tano watabanwa makwapani. Kabla ya vita, wasanifu wengi wa Ulaya walikuwa wanashona suti. Baada ya vita miji ilijaa watu, familia nzima zikilala chumba kimoja chenye unyevunyevu, na kundi fulani la wasanifu likasema sasa ni wakati wa sare. Mapambo yakaondolewa kwa sababu yanakula pesa ya chumba cha mtoto. Weupe, mistari iliyonyooka na paa bapa vilikuja baadaye, kama matokeo ya hesabu. Hapa ndipo tunapopotea: tumeyachukua matokeo, hesabu tumeiacha hukohuko.

May alizaliwa Frankfurt mwaka 1886. Akiwa kijana alifanya kazi Uingereza katika ofisi ya Raymond Unwin, mpangaji miji aliyejulikana kwa vitongoji vyenye bustani pembezoni mwa London. Mwaka 1925 meya wa Frankfurt, Ludwig Landmann, akamkabidhi ujenzi wa jiji zima. Ndani ya miaka mitano jiji lilijenga nyumba zaidi ya 12,000. Baadhi ya kuta zilifyatuliwa kiwandani kama mabamba makubwa ya zege jepesi, kisha winchi ikayapanga mahali pake, mambo ambayo wakati huo watu walikwenda kuyatazama kama sinema.

Jengo moja moja halikuelezi sana kuhusu Frankfurt ile. Jiko linakueleza zaidi. Mara nyingi huandikwa kwamba ni jiko la May, na si kweli. Lilibuniwa mwaka 1926 na Margarete Schütte-Lihotzky, mwanamke wa Vienna aliyekuwa kwenye timu yake. Lilikuwa na upana wa mita 1.9 na urefu wa mita 3.4, yaani chumba ambacho ukinyoosha mikono unakaribia kugusa kuta zote mbili. Mbunifu alikaa na saa mkononi akipima mama wa nyumbani anatembea hatua ngapi kutoka sinki hadi jiko la kupikia hadi kabatini, kisha akazipunguza. Akatazama pia jinsi wapishi wa behewa la chakula la treni wanavyopika kwenye uchochoro. Ndani ya jiko hilo kulikuwa na droo ndogo za aluminiamu zenye mdomo, unavuta, unamimina mchele au sukari moja kwa moja sufuriani. Unga uliwekwa kwenye chombo cha mti wa mwaloni, kwa imani kwamba wadudu hawaupendi. Ubao wa kupigia pasi ulikunjwa ukutani. Kabati zilipakwa rangi ya samawati kwa sababu iliaminika kuwa nzi hawaisogelei. Majiko kama hayo yalifungwa katika nyumba karibu 10,000.

Wapangaji walilalamika. Jiko lilikuwa dogo mno, watu wawili hawakupishana, na familia iliyozoea kula jikoni ilikosa pa kuweka meza. Nikisoma malalamiko hayo nacheka, kwa sababu sisi tuna ugonjwa huohuo kwa upande wa pili: jiko la ndani lenye makabati ya kung'aa linabaki la kuonyesha wageni, na ugali unapikwa kwenye jiko la mkaa uani. Mpimaji alipima hatua za mpishi. Mazoea ya mpishi hakuyapima.

Doa jingine ni la kodi ya pango. Katika kitongoji cha Römerstadt, chenye nyumba zaidi ya 1,200 na umeme kila mahali, kodi iliwashinda vibarua waliokuwa wamelengwa. Walioingia wengi walikuwa makarani, walimu na watu wa ofisini. Anayefuatilia nyumba za gharama nafuu za miji yetu ataijua hadithi hii bila kusimuliwa.

Kutoka Frankfurt hadi chini ya Mlima Meru

Mwaka 1930 May alialikwa Urusi ya Kisovieti kupanga miji mipya ya viwanda. Alipanda treni Oktoba na kundi la wenzake, na kazi iliyojulikana zaidi ikawa Magnitogorsk, mji wa chuma kwenye milima ya Ural. Mambo hayakwenda. Vifaa vilikosekana, maelekezo yalibadilika kila mara, na mwisho wa mwaka 1933 mkataba wake ulikuwa umekwisha. Nyumbani nako Hitler alishashika madaraka. May alikuwa na asili ya Kiyahudi katika familia, alijulikana kwa mrengo wa kushoto, na sasa alikuwa anatoka Moscow. Hakuwa na pa kurudi.

Akaja Tanganyika mwaka 1934, akiwa na umri wa miaka 47, akanunua shamba karibu na Arusha, akawa mkulima.

Hapa inabidi twende taratibu na tarehe, maana ndipo binamu alipojikwaa. Huku kwetu jengo lolote kuukuu lenye kuta nene ni "la Mjerumani", na mara nyingi ni kweli: boma la Bagamoyo, kanisa la Azania Front Dar es Salaam, stesheni za reli ya kati. Hayo ni ya utawala wa Kijerumani, uliong'olewa na Vita Kuu ya Kwanza. Baada ya hapo Tanganyika iliwekwa chini ya Waingereza. May anashuka bandarini, Mwingereza yuko madarakani zaidi ya miaka 15. Hakuja na serikali yake. Serikali yake ndiyo aliyokuwa anaikimbia.

Basi alikuwa nani? Watu wanauliza kama alikuwa mkimbizi au mlowezi, kana kwamba lazima uchague. Alikuwa mkimbizi, kwa sababu kurudi kwao kungeweza kumgharimu maisha. Alikuwa pia mlowezi, kwa sababu ngozi yake ilimfungulia mlango wa shamba kwenye miteremko ambayo wenyeji walikuwa wameanza kubanwa ardhi. Kisha vita vilipozuka akawa kitu cha tatu. Waingereza walimhesabu kuwa raia wa nchi adui, wakamkamata, wakamweka kizuizini Afrika Kusini hadi 1942. Mtu aliyemkimbia Hitler akafungwa kwa kuhesabiwa mtu wa nchi ya Hitler. Kila ofisi ilimsoma kwa karatasi iliyokuwa mbele yake.

Kabla ya kukamatwa alikuwa ameshahamia Nairobi, mwaka 1937, akafungua tena ofisi ya usanifu. Huko alichora Kenwood House katikati ya mji. Baada ya vita zikafuata kazi kubwa zaidi: Delamere Flats za Nairobi, shule ya wasichana ya Aga Khan kule Kisumu, hoteli ya Oceanic ya Mombasa yenye ukuta uliopinda kuelekea baharini.

Jua lilelile, jibu jingine

Dhana iliyoenea ni kwamba wasanifu hawa walileta majengo ya Ulaya wakayabwaga Afrika kama mizigo bandarini. Wako waliofanya hivyo. Kwa May jambo lina utamu zaidi, na linaelezeka kwa jua peke yake.

Frankfurt iko mbali kaskazini. Wakati wa baridi jua linatambaa chini chini na kila mwale ni mali. Kwa hiyo safu za nyumba za usasa kule Ujerumani, kama zile za kitongoji cha Westhausen, zililazwa kutoka kaskazini kwenda kusini ili vyumba vitazame mashariki na magharibi. Asubuhi jua linaingia upande mmoja, jioni upande wa pili, na nyumba nzima inapata joto.

Leta ramani hiyohiyo Moshi, nyuzi 3 tu kusini mwa ikweta, uone. Saa tatu asubuhi chumba cha mashariki kinachemka, saa kumi jioni cha magharibi kinawaka, na ukuta uliopigwa jua mchana kutwa unakutemea joto usiku ukiwa kitandani. Huku kwetu nyumba inageuzwa: upande mrefu utazame kaskazini na kusini, ambako jua la adhuhuri liko juu na kibaraza cha mita moja kinatosha kulizuia, na pande fupi, zenye madirisha machache, zielekee mawio na machweo. Kisha upepo uingie huku utokee kule. Swali ni lilelile, jua linaingia wapi na kwa saa ngapi, lakini jibu limegeuka robo duara. May aliielewa tofauti hiyo. Majengo yake ya Afrika Mashariki yana vibaraza virefu, vivuli vya zege juu ya madirisha, na matundu ya kupitisha hewa ambayo Frankfurt yangekuwa wazimu.

Mwaka 1949 ilianza kazi ya Moshi. Mwenye kazi hakuwa serikali wala tajiri wa Kizungu. Alikuwa ni KNCU, ushirika wa wakulima wa kahawa wa Kichagga ulioandikishwa mwaka 1933, na pesa ilikuwa ya kahawa iliyochumwa kwa mkono kwenye vihamba vya mlimani. Ushirika ulitaka zaidi ya ofisi. Ulitaka mahali ambapo mkulima akishuka mjini atapata ukumbi, maktaba, maduka na pa kulala. Jengo lilikuwa tayari mwanzoni mwa miaka ya 1950. Kwa hiyo ukitaka kuliita kwa jina la mwenyewe, ni jengo la Wachagga. Mjerumani alishika kalamu tu, na alilipwa kwa kahawa.

Kalamu hiyohiyo ilichora Kampala, na hapo sina maneno matamu. Kati ya 1945 na 1947, kwa kazi aliyopewa na serikali ya kikoloni ya Uganda, May alitayarisha mpango wa kupanua mji kuelekea Kololo na Naguru. Ukiutazama kama kazi ya kupanga ardhi, una akili nyingi. Makazi yalipandishwa vilimani penye upepo. Mabonde yenye majimaji na mbu yaliachwa kuwa ya kijani. Barabara zilizunguka kilima badala ya kukipasua. Ila watu waligawanywa kwa rangi: Wazungu mahali pao, Wahindi pao, Waafrika pao. Yale mabonde ya kijani yaliyokuwa mapafu ya mji yakawa pia ua wa kumtenga huyu na yule. Na Mwafrika, katika mpango ule, alionekana kama mtu wa kupandishwa ngazi polepole hadi afikie maisha ya mjini, wengine wakimshika mkono.

Wapo wanaosema alikuwa mtu wa zama zake. Mimi hoja hiyo hainitoshi, kwa sababu huyu ndiye aliyekaa Frankfurt akihesabu kwamba mtoto wa kibarua anahitaji jua sawa na mtoto wa bwana. Alijua kuhesabu watu kama walio sawa. Alipofika hapa alibadilisha kanuni. Siku hizohizo alibuni nyumba ya gharama nafuu kwa Waafrika, ya mabamba ya zege yenye ndoano, unayaning'iniza kwenye mbavu zilizopinda. Hazikuenea. Wazo lilikuwa la busara kiufundi, lakini sare ilikuwa inakatwa tena bila kumuuliza mvaaji.

Turudi kwenye paa

Shemeji aliziita nyumba zenye paa la namna hii za kizungu. Mwaka 1927, kule Stuttgart, wasanifu wa usasa walijenga kitongoji cha maonyesho kiitwacho Weissenhof, nyumba nyeupe zenye mapaa bapa matupu. Wapinzani wao walipanda hasira, na baadaye ikasambazwa postikadi ya dhihaka iliyochomekwa picha za ngamia na watu wa kanzu, kana kwamba kitongoji ni kijiji cha Waarabu. Kwa Wajerumani wale, nyumba ya heshima ilikuwa na paa la mgongo mkali, na paa bapa lilikuwa la watu wa jua kali, la kwetu sisi. Wala hawakukosea kabisa. Nyumba za mawe za Lamu na Mji Mkongwe zilijengwa na dari bapa za boriti za mikoko, mawe ya matumbawe na chokaa, tangu kabla ya May kuzaliwa. Zanzibar wengi walikuja kuyafunika kwa bati, maana masika hayana mzaha. Basi paa lilelile Stuttgart ni la Kiarabu, Goba ni la kizungu.

Na jambo la mwisho, ambalo fundi hakumwambia binamu: nyumba yake haina paa bapa. Ina bati la kawaida lenye mteremko mdogo, likiwa juu ya kenchi za kawaida, limezungushiwa ukuta ili lisionekane. Paa bapa la Frankfurt lilikuwa na sababu: liliondoa dari ya mteremko isiyotumika, ghorofa ya juu ikawa na vyumba kamili. La Goba halikuongeza hata kabati. Limebeba ukuta wa ziada, lipu ya ziada na rangi ya ziada ili kuficha kitu kilichokuwa kinafanya kazi. Bati la kawaida linavuka ukuta na kutupa maji nje, na gata ikiziba, maji yanamwagika uani tu. Bati la kuficha linapeleka maji ndani, kwenye gata iliyobanwa kati ya bati na ukuta. Majani ya mwembe wa jirani yakijaa humo, maji yana njia moja, nayo inapitia sebuleni. Linaweza kujengwa vizuri, ndiyo, ikiwa gata ni pana, imewekewa zuio zuri la maji, ina mabomba mawili ya kutolea badala ya moja, na mtu wa kupanda kuisafisha kabla ya masika. Hayo yote ni pesa, na kwenye ramani ya WhatsApp hayakuchorwa.

May aliondoka Nairobi mwishoni mwa 1953, akarudi Ujerumani iliyobomolewa kwa mabomu, akapewa tena kazi ya kujenga nyumba kwa maelfu. Alifariki Hamburg mwaka 1970. Nyumba moja ya Römerstadt imerudishwa ilivyokuwa, jiko likiwa na rangi yake ya samawati, na watu wanaingia kuitazama.

Binamu aliongeza bomba la pili la kutolea maji, na jipsamu mpya imekauka. Shida iliyobaki ni jioni. Ramani ililetwa ikiwa na dirisha kubwa la sebule upande wa mbele, na mbele ikawa barabarani, na barabara iko magharibi. Saa kumi hakuna anayekaa kwenye kochi lile. Juzi nimemkuta amechomelea kipande cha bati juu ya dirisha, upana kama mita moja, kimeshikwa na vyuma viwili. Analalamika kwamba kimemharibia sura ya nyumba. Watoto walikuwa wamekaa chini yake wakila embe.